Diski ya Pili

Kompyuta ya mezani inayofika Meru au Embu mara nyingi imeshamfanyia mtu mwingine kazi. Imekaa miaka kadhaa chini ya meza ya ofisi huko Uingereza, Uholanzi au Dubai, ikaondolewa kampuni iliponunua mpya, ikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa, kisha ikauzwa Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Kutoka hapo husafiri kama kifurushi ndani ya matatu: Thika, Mwea, Embu, na ile ya Meru huendelea kuuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikipita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Mafundi huiita ex-UK popote ilikotoka. Kwa kawaida ni Dell OptiPlex au HP ya ofisini, mashine ngumu isiyokufa upesi, na ndiyo maana utaikuta kwenye saiba za Makutano mjini Meru, kwenye ofisi za shule, na kwenye studio za picha karibu na steji ya Embu.

Ndani yake mna hadidiski moja, ambayo humu tutaiita diski tu, ya gigabaiti 250 au 500. Karani aliyeitumia kwanza hakuhitaji zaidi, kwa sababu barua zake na hesabu zake zilikaa kwenye seva ya kampuni. Huku hakuna seva. Mashine hiyo hiyo ndiyo seva, ndiyo kabati, ndiyo albamu.

Mpiga picha wa harusi mwenye kamera ya megapikseli 24, akihifadhi faili ghafi, kila picha humlia megabaiti 25 au zaidi. Picha 2,000 za harusi moja ni gigabaiti 50. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Wiki hii ana ruracio, yaani sherehe ya mahari, Jumamosi ijayo ana harusi, katikati kuna mazishi ambayo familia inataka yarekodiwe yote, kuanzia mochari hadi kaburini. Miezi miwili haiishi kabla diski haijajaa, na alama nyekundu ya Windows ikaanza kumsumbua.

Hapo ndipo watu huenda kwa fundi kutafuta nafasi. Mimi nashikilia kwamba nafasi ndiyo faida ndogo. Faida kubwa ya diski ya pili ni kutenganisha vitu vya mashine na vitu vya watu. Windows ni kitu cha mashine, na programu ya kuhariri picha ni kitu cha mashine. Vikiharibika leo, kesho vinawekwa upya na hakuna anayelia. Picha ya mwisho ya nyanya, cheti cha KCSE alichoskani mtu kabla cha karatasi hakijaungua, orodha ya kilo za kahawa ambazo kila mwanachama wa ushirika amepeleka kiwandani tangu mavuno yaanze: hivyo ni vya watu, na hakuna duka la kuvinunulia tena. Faili la kilo za kahawa ni dogo kuliko picha moja ya harusi, lakini malipo ya msimu mzima yanalitegemea. Mkulima wa Mbeere au Igembe hachanganyi maharagwe ya mbegu na ya kula ndani ya gunia moja, hata kama gunia lina nafasi ya kutosha.

Madhara ya kuchanganya huonekana siku ambayo mashine inagoma.

“Fundi, hii mashine imekuwa nzito, halafu inajizima yenyewe.”

“Windows imeharibika, mama. Tuipige upya tu. Kuna kitu cha muhimu ndani?”

“Ni picha tu na kazi za wateja.”

Fundi mwangalifu husimama hapo hapo, akauliza picha ziko kwenye folda gani, akazitoa zote kabla hajagusa chochote. Mwenye haraka, na foleni ya wateja imefika mlangoni, hupiga Windows upya juu ya diski ile ile, na kazi ya miaka mitatu inaondoka kwa dakika ishirini. Kama mashine ingekuwa na diski mbili, swali lenyewe lisingekuwepo. Fundi angechomoa kebo ya diski ya watu, akafanya atakalo na ile nyingine, kisha akairudisha.

Kwa hiyo nina ushauri ambao baadhi ya mafundi wataupinga. Wengi hununua diski mpya, tena ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, wakaipa Windows ili mashine iwe nyepesi, halafu ile kuukuu iliyokuja na mashine wakaifanya ghala la picha. Wepesi huo ni wa kweli: SSD ya SATA husoma kiasi cha megabaiti 550 kwa sekunde, huku diski ya kuzunguka ikifika 150 au 200 ikiwa na hali nzuri. Lakini matokeo yake ni kwamba kitu kisichopatikana tena kimewekwa kwenye diski ambayo hakuna ajuaye imezunguka saa ngapi. Ukiwa na pesa za diski moja tu, diski mpya iwe ya watu. Iache Windows ifie kwenye ile ya zamani. Pesa zikipatikana baadaye, SSD ndogo ya gigabaiti 240 itafuata.

Diski ya kuzunguka inastahili kueleweka kabla ya kushikwa. Ya kwanza kabisa kuuzwa ilikuwa sehemu ya mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, mwaka 1956: sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61, zikibeba herufi milioni 5. Picha moja ghafi ya harusi tuliyoitaja ingehitaji zaidi ya makabati matano ya namna hiyo. Mwaka 1983 kampuni ya Rodime ya Uskoti ilileta diski ya inchi 3.5, na kipimo hicho ndicho kilichomo hadi leo ndani ya kompyuta za mezani. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma hakipaswi kuzigusa zikizunguka. Huelea juu yake kwa kuchukuliwa na hewa, kwa umbali wa nanomita chache tu, mdogo kuliko chembe yoyote ya vumbi unaloliona. Ndiyo sababu diski nyingi zina kitundu kidogo chenye maandishi ya kukataza kukiziba, maana hewa ya ndani lazima ilingane na ya nje.

Hewa hiyo ina maana ya pekee kwa wakazi wa mlimani. Watengenezaji wengi huhakikisha kazi ya diski hadi mwinuko wa mita 3,000 hivi. Embu iko karibu mita 1,350, Meru kiasi cha mita 1,500, kwa hiyo hakuna shida mjini. Lakini anayepanda na watalii hadi Point Lenana, mita 4,985, akiwa na diski ya nje ya kumwagia video jioni, anaiwasha mahali ambapo hewa imepungua mno na kichwa kinaweza kushuka kikaikwaruza sahani. Huko juu tumia SSD, haina kinachoelea.

Ukienda kununua, usitosheke na karatasi iliyobandikwa. Kila diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huisoma kwa sekunde chache kwenye kaunta ya muuzaji. Tazama mistari mitatu. Saa ambazo diski imewashwa: 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya mfululizo bila kuzimwa. Sekta zilizohamishwa: diski ikigundua sehemu mbovu huiacha na kutumia ya akiba, na hesabu hiyo inapaswa kuwa sifuri. Sekta zinazosubiri: hizi ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya. Ukiona namba yoyote juu ya sifuri katika mistari hiyo miwili ya mwisho, mrudishie mwenyewe hata kama amekupunguzia bei. Na saa nazo zisikulaghai. Mapema mwaka 2025 iligunduliwa Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, hesabu ikiwa imerudishwa sifuri. Kama yalitokea kwenye maduka ya Ujerumani, mnunuzi wa Luthuli Avenue ana haki ya kuuliza mara mbili.

Kabla ya kulipa, fungua kasha uone unachonunulia. OptiPlex au HP yenye umbo la mnara huwa na nafasi mbili za diski ya inchi 3.5. Ile nyembamba, inayolazwa chini ya monita, mara nyingi ina moja tu, na hapo njia ni kutoa kisomaji cha DVD, ambacho siku hizi hakitumiki sana, na kutia kwenye nafasi yake kibebeo chenye diski ya inchi 2.5. Hesabu matundu ya SATA, yale ya kuchomekea kebo za diski, kwenye mazabodi. Kisha fuata waya za umeme zinakotoka. Katika kompyuta za kuungwa, umeme wa diski hutoka kwenye pawasaplai. Katika mashine kadhaa za ofisini za HP na Dell hutoka kwenye mazabodi yenyewe kwa waya maalumu, na usipokuwa nao utarudi Nairobi kuutafuta au utasubiri matatu ya kesho. Wapo wanaokwepa kwa kiunganishi kinachogeuza plagi ya zamani ya Molex kuwa ya SATA. Vile vya bei ya chini, ambavyo plastiki yake imeyeyushwa juu ya waya, vimewahi kupiga shoti na kuungua ndani ya kasha. Visipotumika ni salama zaidi.

Kazi yenyewe ni fupi. Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa diski. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeifunika Meru na kila mtu amevaa sweta, hewa ina unyevu na umeme wa mwilini ni mdogo. Januari na Februari, hasa kule chini Mbeere, hewa ni kavu na cheche ndogo usiyoihisi inatosha kuua saketi. Ukikuta udongo mwekundu umejaa kwenye feni, na utaukuta, uondoe kwanza kwa brashi laini nje ya chumba, ukiishika feni isizunguke.

Dell huweka diski kwenye fremu ya plastiki ya bluu isiyohitaji bisibisi: unaipanua kidogo, vipini vyake vinaingia kwenye matundu ya pembeni mwa diski, kisha fremu nzima inatelezeshwa hadi isikike tiki. HP nyingi hutumia skrubu maalumu zinazotangulia kufungwa kwenye diski, nne, halafu diski inateleza juu ya reli. Zile za akiba mara nyingi zimefungwa kwenye fremu ya kasha lenyewe, mbele, na watu wengi hawazioni. Tumia skrubu za diski tu. Skrubu ndefu iliyookotwa kwenye kopo la fundi inaweza kupita kina kilichoruhusiwa na kuharibu kilicho ndani.

Hapa ndipo kazi nyingi za mitaani huharibika, na inaniuma kwa sababu kuzuia ni dakika tatu tu. Utafungua kasha ukute diski ya pili imelala chini, imeegemea pawasaplai, imeshikiliwa na waya wake, wakati mwingine na kipande cha selotepu. Upande wa chini wa diski ni saketi iliyo wazi. Ukigusa chuma cha kasha, shoti. Mashine ikibebwa kwenda kwa mteja au ikisukumwa na mguu, diski inayozunguka inatikisika na kichwa kinapiga sahani. Kama fremu imepotea, nunua nyingine, au toboa kasha na ufunge diski kwa skrubu angalau mbili kila upande. Diski isiyofungwa haijawekwa bado.

Kebo za SATA haziwezi kuingia kinyume: mdomo wake una umbo la herufi L, wa data mfupi wenye miguso 7, wa umeme mrefu wenye miguso 15. Zikikataa, geuza, usisukume. Diski za kabla ya SATA kuenea, zile za utepe mpana, zilihitaji kupangiwa ipi bwana na ipi mtumwa kwa kipande kidogo cha plastiki. Hizo ukikutana nazo, toa vilivyomo uzipumzishe.

Washa sasa, na usishtuke mashine isipoiona diski mpya. Katika OptiPlex nyingi tundu la SATA lisilotumika huwa limezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijaamka: ingia kwa F2 unapowasha, tafuta orodha ya diski, weka alama kwenye tundu ulilotumia. HP za ofisini huingiwa kwa F10. Ukiwa humo humo hakikisha diski ya Windows ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha, kwa sababu diski ya mtumba inaweza kuja na Windows ya mmiliki wa kwanza, na mashine ikajaribu kuamkia huko.

Windows ikishafunguka, diski mpya kabisa haitaonekana kwenye orodha ya kawaida ya diski. Andika diskmgmt.msc kwenye nafasi ya kutafutia. Utaulizwa aina ya jedwali: MBR au GPT. MBR haifiki zaidi ya terabaiti 2 na kidogo, hivyo chagua GPT. Kisha tengeneza sehemu moja, ifomati kwa NTFS, ipe herufi, na uipe jina linaloeleweka, kama KAZI au PICHA, lisilofanana na la diski nyingine yoyote. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho soma ukubwa wa diski uliyoichagua. Watu wamefomati diski ya zamani yenye kila kitu kwa sababu zote mbili ziliandikwa gigabaiti 465. Nayo ya terabaiti moja ikionekana kuwa 931, hujaibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Mwisho wa kazi ni kuhamisha. Bonyeza kulia folda ya Pictures, nenda Properties, kisha Location, uielekeze kwenye diski mpya, halafu ufanye vivyo hivyo kwa Documents. Kuanzia hapo kila kitakachohifadhiwa kwenye folda hizo kitaenda huko bila mtu kukumbuka. Fundi akiondoka bila kufanya hivi, mteja ataendelea kujaza diski ya kwanza huku ya pili ikizunguka bure.

Umeme unahitaji neno lake. Kaunti ya Embu inapakana na Mto Tana, wenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha mwaka 1968. Ujirani huo hauzuii stima kupotea, na usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia gizani. Umeme ukikatika ghafla, diski ya kisasa hutumia mzunguko uliobaki wa sahani zake kama jenereta ndogo na kukirudisha kichwa mahali pake salama, hivyo sahani hazikwaruzwi. Kinachoumia ni faili lililokuwa likiandikwa wakati huo. Na umeme ukirudi na msukumo mkali, saketi ya diski ndiyo iko hatarini. UPS ndogo ya VA 650 haitakupa saa ya kufanya kazi, lakini itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Radi na mwizi hawachagui diski. Diski mbili ndani ya kasha moja hupigwa pamoja na huibwa pamoja, kwa hiyo nakala ya picha kutoka C kwenda D haijawa akiba. Akiba ni ile iliyoko nyumba nyingine. Studio yaweza kuwa na diski ya nje inayonakiliwa kila Ijumaa na kulala nyumbani kwa mwenyewe. Ushirika waweza kuwaachia mweka hazina na mwenyekiti nakala ya faili la kilo, kila mmoja na flashi yake, maana faili hilo linaingia hata kwenye flashi ya bei ya chini kabisa.

Inabaki diski ya zamani, ile utakayoitoa siku moja. Kwa saiba hili ni jambo la sheria, kwa kuwa imebeba vitambulisho, namba za KRA na vyeti vya watu walioingia kuskani, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye kuvitunza avilinde. Kufuta folda hakufuti, na fomati ya haraka huondoa orodha tu huku yaliyomo yakibaki. Tumia diskpart na amri ya clean all, ambayo huandika sifuri kila mahali. Diski ya gigabaiti 500 itachukua zaidi ya saa moja. Hapa pia soma namba ya diski mara mbili, na ikiwezekana uwe umechomoa zote nyingine usizotaka kuzifuta. Kama diski imekufa na haiandikiki, ifungue. Skrubu za kifuniko ni za nyota, kwa kawaida T8, na moja hujificha chini ya lebo. Sahani za diski za mezani nyingi ni za alumini, zikunje. Za laptopu nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali, kwa hiyo vaa miwani na uzifunge kwanza kwenye kitambaa. Saketi na kasha usivitupe jalalani wala usivichome: vipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.